Viza ya kwenda Uswisi kwa matembezi: namna ya kuandaa ombi ambalo karatasi zake zinasema kitu kimoja

Mwaka niliponyimwa viza kwa mara ya kwanza, nilikuwa na kila karatasi iliyotajwa kwenye orodha. Sikupungukiwa hata moja. Ubalozi wenyewe haukuwa wa Uswisi, ulikuwa wa nchi nyingine ya Ulaya, na kwa muda mrefu niliamini kwamba nimeonewa. Baadaye nilizitandaza zile karatasi mezani, nikazisoma kama mtu asiyenijua. Barua ya mwajiri ilisema nina likizo ya siku 14, lakini tiketi niliyoshikilia ilikuwa ya siku 21. Akaunti yangu ilikuwa na salio la shilingi laki tatu za Tanzania kwa miezi miwili mfululizo, kisha wiki moja kabla ya kuomba zikaingia milioni sita kwa mkupuo. Fedha zile zilikuwa halali, mgawo wangu wa kikoba (kikundi chetu cha kuweka akiba), ila hakuna mahali nilipoandika hivyo. Ofisa angejuaje?

Mara ya pili niliomba Uswisi, kumtembelea rafiki wa Basel aliyewahi kufanya utafiti wa malaria Ifakara, na nikapata. Ninayoandika hapa niliyajifunza kati ya ombi lile na hili, na katika kuwasaidia ndugu na majirani walioomba baada yangu. Nimeishika Uswisi kwa sababu ni nchi ghali mno, na ughali huo unaingia katika kila swali ambalo ofisa atajiuliza juu yako.

Hatua ya 1: Ijue viza unayoiomba

Viza ya matembezi ya muda mfupi ya Uswisi ni viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, aina C. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2008, hivyo kwa kawaida viza yake inakufungulia nchi zote 29 za eneo hilo, zikiwemo Ufaransa, Ujerumani, Italia na Austria. Uingereza na Ireland hazimo. Ukitaka kupita London kumsalimia shangazi, hiyo ni viza nyingine na ombi jingine.

Sheria inaruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Hicho ni kikomo tu. Ukiomba siku 10 na ratiba yako ni ya siku 10, tegemea kupewa siku zinazokaribiana na hizo. Viza hii ni ya kutembea, si ya kwenda kutafuta ajira.

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Mtaani utasikia kwamba ubalozi fulani ni mwepesi, ombea huko kisha nenda unakotaka. Usifanye hivyo. Mwenye viza ya nchi moja anayetua na hoteli zake zote ziko nchi nyingine anaweza kuulizwa maswali mpakani na hata kurudishwa, na rekodi hiyo itamfuata kwenye maombi yake ya baadaye.

Unaombea pia pale unapoishi kihalali. Mtanzania au Mkenya anayefanya kazi Muscat au Dubai anaomba kule kule, kwa kibali chake cha ukaazi, halazimiki kurudi nyumbani. Na kwa kuwa Uswisi haina ofisi ya viza katika kila nchi, kabla ya jambo lolote fungua tovuti ya ubalozi wa Uswisi unaohudumia nchi unayoishi. Hapo utaona maombi yanapokelewa wapi na orodha yao ya sasa ya karatasi. Orodha uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp inaweza kuwa ya miaka mitano iliyopita.

Hatua ya 2: Hesabu tarehe kuanzia mwisho

Ombi halipokelewi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, na linatakiwa liwe limefika siku 15 kabla. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila sheria inawaruhusu kwenda hadi siku 45 wakihitaji kuchunguza zaidi. Mimi nawashauri watu waombe miezi miwili hadi mitatu kabla. Kama safari ni ya Julai au Agosti, tafuta miadi mapema zaidi, maana huo ndio msimu wa kila mtu, na watu huwa tayari kwa kila kitu halafu wakakosa nafasi ya kuwasilisha.

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Kwa Tanzania pasipoti ya kielektroniki ndiyo inayotolewa tangu 2018. Kama yako inakaribia kuisha, anza na Uhamiaji kwanza, kisha mengine yafuate. Pasipoti za zamani zenye viza na mihuri usizitupe, zina kazi yake.

Hatua ya 3: Tengeneza bajeti kabla ya kutafuta karatasi

Wengi huanza kwa kukimbilia benki. Anza na bajeti, kwa sababu ndiyo itakayokuambia unahitaji kiasi gani benki, ukae siku ngapi, na ulale wapi.

Mamlaka za Uswisi hutumia kipimo cha takriban faranga 100 kwa mtu kwa siku. Kwa mwanafunzi mwenye kitambulisho halali cha masomo ni faranga 30. Kwa hiyo safari ya siku 10 inakutaka uonyeshe kwamba una walau faranga 1,000 za kutumia huko. Lakini hicho ni kipimo cha sheria, na bei za sokoni haziangalii sheria. Kitanda kimoja katika bweni la hosteli ya vijana mara nyingi hakipungui faranga 40, tena unalala chumba kimoja na watu usiowajua. Mlo wa kawaida wa mgahawani ni faranga 20 hadi 30. Kutoka Interlaken kwenda na kurudi Jungfraujoch, kwenye stesheni ya reli iliyo mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, nauli kamili inaweza kuzidi faranga 200 kwa mtu mmoja. Ofisa anayesoma ombi lako anazijua bei hizi. Ukimwandikia kwamba utakaa wiki tatu, utazuru miji sita, na una dola 900, ataona ama hujui unakokwenda au una mpango mwingine.

Punguza siku. Huu ndio ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeniuliza, na ndio ambao watu hawapendi kuusikia. Siku 7 au 8 unazozimudu zinasomeka vizuri kuliko siku 21 za kubahatisha. Chagua mji mmoja au miwili ya kulala, kisha toka asubuhi na urudi jioni. Nchi yenyewe ni ndogo na treni zake zinafuata saa. Zurich hadi Bern ni kama saa moja, na Zurich hadi Basel vilevile.

Kisha andika jedwali fupi: siku, mahali, malazi, chakula, usafiri. Weka njia unazotumia kubana matumizi, kwa sababu zinaonyesha kwamba umeisoma safari yako. Utapika hosteli, ununue chakula kwenye maduka makubwa kama Migros au Coop. Utanunua kadi ya nusu nauli ya wageni, ambayo inapunguza bei ya tiketi nyingi za treni, basi na boti. Anayelala hotelini au hosteli mjini Basel au Geneva hupewa kadi ya kupanda mabasi na tramu za mji bure kwa siku anazokaa. Maji usinunue: Zurich peke yake ina chemchemi za mitaani zaidi ya 1,200, na maji yake yananyweka. Jedwali langu lilikuwa ukurasa mmoja tu. Jumla iliyoandikwa mwisho wa jedwali ndiyo iliyorudi kwenye barua yangu ya maelezo na ndiyo iliyoonekana benki.

Linganisha pia jumla hiyo na kipato chako. Mtu anayelipwa laki nane kwa mwezi akisema atatumia milioni tisa kwa matembezi ya wiki mbili, ofisa atajiuliza ni nani huyu anayetumia mshahara wa karibu mwaka mzima kwenda kutazama milima. Huenda umeweka akiba kwa miaka mitatu kwa ajili ya safari hii, nami nakuamini. Lakini hilo liseme, na lionekane kwenye akaunti.

Hatua ya 4: Akaunti inayoeleweka

Taarifa ya benki inayotakiwa ni ya miezi mitatu ya mwisho. Mimi huwaambia watu watoe ya miezi sita, iliyopigwa muhuri wa benki. Ofisa haangalii salio la mwisho peke yake. Anatazama mshahara unaingia tarehe ngapi, unatoka kwa kasi gani, kodi ya nyumba na ada za watoto zinalipwaje, na kama mwisho wa mwezi kunabaki kitu. Akaunti yenye milioni nne zilizokua taratibu ina nguvu kuliko yenye milioni kumi zilizoingia juzi.

Pesa ya kuazima kwa ajili ya kuonyesha ndiyo inayowaangusha wengi. Binamu anakuwekea milioni tano Jumatatu, unachapa taarifa Jumanne, anazichukua Jumatano. Macho yaliyozoea kusoma akaunti yanaiona mara moja. Kama huna fedha za safari, ni afadhali kusubiri miezi minane ukiweka akiba kuliko kulipa ada ya ombi ambayo hairudishwi.

Lakini zipo fedha nyingi halali zinazoingia kwa mkupuo, na hapa ndipo watu wa kwetu tunapoumia bila sababu. Mgawo wa kikoba mwisho wa mwaka. Zamu yako ya mchezo wa kuchangiana fedha. Malipo ya korosho au kahawa kupitia chama cha ushirika. Kiwanja ulichouza. Mafao. Kila kiasi kikubwa kiwekee karatasi yake: barua ya kikoba yenye muhuri na sahihi za viongozi, stakabadhi ya malipo ya mazao, mkataba wa mauziano. Kwenye taarifa ya benki weka namba ndogo kwa kalamu pembeni ya muamala huo, na namba ileile juu ya karatasi inayoueleza. Mimi nilifanya hivyo mara ya pili, na mgawo wa kikoba ulioniangusha mara ya kwanza haukuniletea swali lolote.

Wafanyabiashara ambao fedha zao hupita kwenye simu zaidi kuliko benki, chapeni taarifa ya M-Pesa au ya mtandao mnaoutumia, pamoja na ile ya Lipa Namba ya duka. Isiwe badala ya benki, iwe nyongeza yake. Na kuanzia leo, kama safari ni ya mwakani, jizoeze kupitisha mauzo benki kila wiki.

Hatua ya 5: Kama una mwenyeji

Kuwa na mtu wa kukupokea kunapunguza gharama kubwa kuliko zote, malazi. Mwenyeji aandike barua ya mwaliko yenye jina lake kamili, anwani, uhusiano wenu, tarehe za kufika na kuondoka, na nani analipa nini. Aambatishe nakala ya kitambulisho chake cha Uswisi au ya kibali chake cha ukaazi. Hapa sentensi moja ina uzito wa pekee: ielezwe wazi mlivyofahamiana. Rafiki yangu aliandika kwamba tulifanya kazi pamoja Ifakara, mwaka gani hadi mwaka gani, nami nikaambatisha picha mbili na barua pepe chache za miaka tofauti. Kwa Basel habari ya Ifakara si ngeni, kwa kuwa watafiti wa Taasisi ya Tropiki ya mji huo walifungua maabara pale mwaka 1957. Lakini hata kama mngefahamiana kanisani, shuleni au kupitia shemeji, ofisa anataka tu kuona mlianzia wapi.

Pale ubalozi unapoona fedha zako hazitoshi, au una shaka, unaweza kudai hati ya udhamini kutoka kwa mwenyeji. Si barua ya kawaida. Mwenyeji anapewa fomu, anaipeleka kwa mamlaka za jimbo au manispaa anakoishi, nao wanapima kama kipato chake kinatosha. Kwa kusaini anakubali kubeba gharama utakazoiachia serikali, kama matibabu au nauli ya kukurudisha, hadi faranga 30,000. Ni kiasi kinachoweza kuvunja familia. Mwambie mwenyeji wako jambo hili mapema, kwa heshima, kabla hajashtukizwa na fomu yenyewe. Dada mmoja niliyemsaidia alinyamaza, na shemeji yake alipoiona ile namba akakataa kusaini. Safari ikafa, na undugu ukaingia doa.

Hatua ya 6: Onyesha unakorudi

Sababu ya kunyimwa ninayokutana nayo zaidi ni ile inayosema kwamba kuna shaka kama mwombaji ataondoka kabla viza haijaisha. Inauma kuisoma, hasa kama una nyumba, watoto na kazi. Lakini ofisa hakukuta nyumba wala watoto, alikuta karatasi.

Mwajiriwa apate barua ya mwajiri inayotaja cheo, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, siku za likizo zilizoidhinishwa na tarehe ya kurudi kazini. Tarehe hizo zifanane na za tiketi, zote. Aongeze hati za mshahara za miezi mitatu. Mwenye biashara aweke leseni, usajili wa biashara (kwa Tanzania ni BRELA), namba ya mlipakodi (TIN) na uthibitisho wa kulipa kodi kutoka mamlaka ya mapato (TRA), na picha za duka au karakana hazidhuru. Mkulima, kadi ya ushirika, hati ya shamba au barua ya serikali ya kijiji, na malipo ya misimu miwili. Mstaafu, taarifa ya pensheni. Mwanafunzi, barua ya chuo yenye tarehe ya kufungua muhula, pamoja na karatasi za anayemlipia.

Kisha familia: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki. Mzazi unayemtunza anahesabika pia. Mama mmoja wa Moshi aliambatisha kadi ya kliniki ya mama yake mwenye kisukari na barua ya mdogo wake atakayemwangalia kwa siku tisa tu. Sijui ni karatasi ipi iliyompa viza, lakini mtu akiisoma ile anaelewa kwa nini siku ya kumi lazima awe amerudi.

Kijana asiye na mke wala mume, asiye na ajira ya barua, ndiye mwenye mlima mrefu zaidi. Sitakudanganya kwamba ni sawa kwa wote. Unachoweza kufanya ni kufupisha safari, kuonyesha kazi unayofanya kwa ushahidi wake wa malipo, na kama uliwahi kwenda nchi nyingine ukarudi kwa wakati, weka nakala za mihuri.

Karatasi za Kiswahili zipelekwe kwa mfasiri anayetambulika zitafsiriwe kwa Kiingereza, na nakala za asili ziende pamoja.

Hatua ya 7: Barua ya maelezo

Hii ni barua yako mwenyewe kwa ofisa, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chepesi. Usikope ya mtu mwingine. Barua zinazozungushwa na vishoka wa viza zinafanana hadi makosa ya tahajia, na wanaozipokea wameshazisoma mara nyingi.

Sema wewe ni nani na unafanya kazi gani. Sema unakwenda wapi, tarehe ngapi hadi ngapi, kufanya nini. Taja jumla ya bajeti na fedha hizo zinatoka wapi. Eleza jambo lolote kwenye karatasi zako linaloweza kuleta swali: jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, pengo la ajira, ule mkupuo wa fedha. Taja kama uliwahi kunyimwa viza na nini kimebadilika, kwa sababu maombi ya Schengen huhifadhiwa katika mfumo wao wa pamoja na nchi zote za eneo hilo zinaweza kuyaona. Malizia na tarehe ya kurudi kazini. Maneno ya kubembeleza yaache. Sifa za uzuri wa Uswisi pia ziache, wanazijua.

Hatua ya 8: Bima, tiketi na malazi

Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen, ijumuishe matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, na ifunike kila siku ya safari kuanzia siku ya kufika hadi ya kuondoka. Soma tarehe kabla hujatoka ofisi ya bima.

Tiketi usilipie kabla ya viza. Omba shirika la ndege au wakala anayejulikana akushikilie nafasi, upate karatasi ya buking ya kwenda na kurudi. Hoteli tumia zile zinazokuruhusu kufuta bila malipo, lakini usizifute siku ya pili baada ya kuwasilisha, maana wanaweza kupiga simu kuhakikisha. Kila usiku wa safari uwe na mahali pa kulala panapoonekana kwenye karatasi.

Hatua ya 9: Fomu, miadi na ada

Fomu jaza mwenyewe, hata kama kuna mtu wa kukuelekeza. Majina yafuate pasipoti herufi kwa herufi. Picha ni ya milimita 35 kwa 45, ya hivi karibuni, nyuma yako pawe na rangi nyepesi.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa aliye chini ya miaka 6. Hulipwa kwa fedha za nchi unakowasilisha ombi, kwa kiwango kitakachotangazwa. Kama maombi yanapokelewa na kituo cha wakala, kuna ada yao ya huduma juu yake. Hakuna ada nyingine. Anayekuambia kuna "ya kumpitishia ofisa" ni mwizi, na yule anayekutengenezea taarifa ya benki ya kughushi anakuachia wewe mzigo, kwa sababu jina lililoko kwenye ombi ni lako.

Siku ya miadi fika mapema, na karatasi zimepangwa kwa mfuatano wa orodha yao, asili upande mmoja, nakala upande mwingine. Utachukuliwa alama za vidole vyote kumi, isipokuwa watoto walio chini ya miaka 12. Alama hizo zinaweza kutumika tena kwa miezi 59, hivyo ukiomba tena ndani ya muda huo huenda usitakiwe kuzitoa upya. Anayekupokea kituoni kazi yake ni kupokea. Haamui, na ukimweleza historia yako yote haitafika kokote isipokuwa imeandikwa.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na mjomba, awe na cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya maandishi ya mzazi asiyesafiri, iliyothibitishwa na wakili.

Baada ya hapo acha simu yako wazi. Ubalozi unaweza kukupigia na kuuliza mambo madogo: unakwenda kwa nani, anafanya kazi gani, nani analipa tiketi. Ukiwa umeandika bajeti na barua yako mwenyewe, majibu utakuwa nayo kichwani.

Ukipata

Isome palepale stika ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Tarehe za kuanza na kuisha ni dirisha ambalo ndani yake unaweza kusafiri. Idadi ya siku za kukaa ni kitu kingine, na mara nyingi ni ndogo kuliko dirisha hilo. Mtu akiona stika inaisha tarehe 30 akadhani anaweza kukaa hadi tarehe 30, wakati siku alizopewa ni 12, anavunja sheria bila kujua. Siku ya kuingia inahesabika na ya kutoka inahesabika. Angalia pia mara ngapi unaruhusiwa kuingia: 01 ni mara moja, ukitoka Schengen umetoka.

Karatasi zote zibebe kwenye mkoba wa mkononi. Ukisafiri kupitia Amsterdam, ukaguzi wa Schengen unafanyika hapo, kabla hujaiona Uswisi, na ofisa wa mpaka ana haki ya kukuuliza mwaliko, fedha na tiketi ya kurudi. Tangu 12 Oktoba 2025 mipaka hiyo ilianza kuingiza mfumo wa kielektroniki wa kuandikisha wanaoingia na kutoka mahali pa mihuri, na mashine haisahau siku.

Ukinyimwa

Utapewa fomu yenye sababu zilizotiwa alama. Kaa nayo siku mbili kabla ya kuamua. Kwa Uswisi una siku 30 za kuwasilisha pingamizi la maandishi kwa Sekretarieti ya Taifa ya Uhamiaji mjini Bern, na unatakiwa kulipa kwanza faranga 200. Pingamizi lina maana pale ambapo karatasi zako zilikuwa kamili na unaamini hazikusomwa sawasawa, au mwenyeji wako aliye huko anaweza kulisimamia kwa lugha mojawapo rasmi ya nchi hiyo. Kama kasoro ilikuwa kwako, kama ilivyokuwa kwangu, kuomba upya kunakuwa nafuu na kwa haraka zaidi. Hakuna muda wa lazima wa kusubiri, ila usirudi wiki inayofuata na bahasha ileile. Ubadilishe kile kilichotiwa alama, na barua yako ya maelezo iseme umebadilisha nini.

Ukirudi

Tunza kipande cha tiketi ya kurudi na nakala ya stika. Kwa sheria za sasa za viza za Schengen, mtu aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili iliyotangulia anaweza kupewa viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, na baada ya hiyo ya miaka miwili, kisha ya mitano. Rafiki yangu wa Basel ameshanialika tena Septemba. Safari hii nimeomba siku 8, na barua ya kikoba iko juu kabisa ya bahasha.